NENO "WALA" NA MALANGO YA MANTIKI
Juu ya kujifunza kubuni saketi za kidijitali kwa kuchora na kujaribu katika kompyuta

1. Makusudi ya makala

Makala haya yakusudia kueleza jinsi mtu awezavyo kujifunza kubuni saketi za kidijitali kwa msaada wa programu za kompyuta ambazo kwazo mchoro huchorwa katika kioo, kisha papo hapo hujaribiwa kana kwamba ni saketi yenyewe. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza: mambo ya umeme yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, kwa kuwa msingi wa saketi hizo ni viunganishi vya sentensi pamoja na ukanushi. Vitu ambavyo mhandisi huviita malango, sisi twavijua tangu zamani kwa majina ya sarufi: na, au, wala, si.

Nalivutwa katika jambo hili na kosa langu mwenyewe. Mwalimu mmoja wa elektroniki katika chuo cha ufundi aliniomba niyapitie mazoezi aliyoyaandika kwa Kiswahili, ili lugha yake iwe nzuri. Zoezi moja lilisema kwamba taa iwake ikiwa swichi ya kwanza au ya pili imewashwa. Mimi, kwa kupenda ufasaha, nikalibadili likawa hivi: "Taa na iwake ama swichi ya kwanza ikiwashwa, ama swichi ya pili ikiwashwa." Mwanafunzi mmoja alichora saketi ambayo taa yake huzimika swichi zote mbili zikiwashwa pamoja. Alikosolewa, akanyimwa alama. Alipoletwa kwangu aliniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimefanya kama sentensi ilivyosema." Nikaisoma sentensi yangu mara ya pili, nikaona kwamba yeye ndiye aliyeisoma sawasawa. Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kuzichora saketi hizo mwenyewe, nami naona ni haki kuwaeleza wenzangu niliyoyapata.

2. Asili ya mambo haya

Mwaka 1854 George Boole, aliyekuwa profesa wa hisabati katika chuo cha Cork, Ireland, alitoa kitabu chake juu ya sheria za fikira. Humo alionyesha kwamba hoja za mantiki zaweza kuandikwa na kukokotolewa kama hesabu, maadamu tarakimu zinazotumika ni mbili tu, 0 na 1. Mwenzake Augustus De Morgan, aliyezaliwa Madurai katika Bara Hindi mwaka 1806 na kufundisha London, aliweka wazi uhusiano wa ukanushi na viunganishi, nao hata leo waitwa kwa jina lake.

Kwa miaka themanini na zaidi mambo haya yalikuwa mali ya wanafalsafa na wanahisabati. Ndipo mwaka 1937 Claude Shannon, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Massachusetts, Marekani, alipoandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Alionyesha kwamba swichi za umeme hufuata hesabu ile ile ya Boole. Swichi mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine, umeme hupita zote mbili zikiwashwa; hiyo ni "na". Zikipangwa sambamba, umeme hupita ikiwashwa yoyote. Hiyo ni "au". Kwa hiyo anayeweza kusema sentensi yenye masharti aweza kuijenga kwa nyaya, na mwenye saketi aweza kuisoma kama sentensi.

3. Malango na viunganishi vyetu

Lango ni kijisaketi chenye njia moja au zaidi za kuingilia na njia moja ya kutokea. Jina hili lafaa. Tutazame lango la "na" lenye njia mbili. Njia ya kwanza ikiwa 0, basi hata njia ya pili ifanye nini, kinachotoka ni 0. Njia ya kwanza ikiwa 1, lile liingialo kwa njia ya pili hupita kama lilivyo. Ndiyo kusema kwamba njia ya kwanza ni bawabu: hufunga mlango au huufungua, na mgeni hupita au huzuiwa.

Jedwali lifuatalo laonyesha malango manne, nalo nimeyaita kwa viunganishi vyetu. Herufi A na B ni njia za kuingilia.

A B | na | au | ama...ama | wala
0 0 | 0 | 0 | 0 | 1
0 1 | 0 | 1 | 1 | 0
1 0 | 0 | 1 | 1 | 0
1 1 | 1 | 1 | 0 | 0

Hapa kosa langu laonekana wazi katika mstari wa nne. "Au" hukubali yote mawili pamoja, "ama...ama" huyakataa. Mtu akisema, "Ama utakwenda Tanga ama utabaki Dar es Salaam," hatarajii mtu afanye yote mawili. Mfano wa nyumbani wa lango hili ni taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu, ambapo kugeuza swichi yoyote huibadili hali ya taa. Kwa hiyo katika mazoezi ya saketi viunganishi hivi viwili visibadilishwe kwa ajili ya kupamba lugha.

Hata neno "na" lataka uangalifu. Katika Kiswahili "na" huunganisha majina zaidi kuliko sentensi. Tena katika "Juma na Asha wanapendana" hatuna habari mbili zilizounganishwa, tuna habari moja ya watu wawili. Lango huunganisha habari. Kwa sababu hiyo yafaa mwalimu aandike "swichi zote mbili zikiwashwa", hata kama sentensi itakuwa ndefu kidogo.

4. Kiduara na ukanushi

Katika michoro ya saketi kila lango lina umbo lake. Lango la "na" lina mgongo ulionyooka na uso wa mviringo. Lango la "au" lina mgongo uliobonyea na uso uliochongoka. Ama ukanushi, wenyewe hauna umbo kamili. Huonyeshwa kwa kiduara kidogo ambacho hakiwezi kusimama peke yake katika mchoro. Sharti kibandikwe katika umbo jingine, mbele yake au nyuma yake.

Mwanasarufi wa Kiswahili akiona jambo hili atatabasamu, maana ndivyo ilivyo "ha-" katika kitenzi chetu. Hatusemi "ha" peke yake. Twasema "hakuja", "hawasomi", "haitawaka". Na pale ambapo hapana kitenzi cha kubandikia, tuna jozi ya "ni" na "si". Mchoro nao una jozi hiyo: pembetatu tupu hupitisha 1 kama 1 na 0 kama 0, nayo ni "ni" yetu, pembetatu yenye kiduara hugeuza, nayo ni "si".

Mahali pa kiduara ni jambo kubwa, na hapa lugha yetu ina mtego. Tuchukue sentensi "Swichi zote hazikuwashwa." Ina maana mbili. Ya kwanza, hakuna hata moja iliyowashwa. Ya pili, si kweli kwamba zote zimewashwa, huenda moja imewashwa na nyingine haikuwashwa. Katika mazungumzo sauti na mazingira hututenganishia maana hizo. Katika mchoro sharti mtu achague. Kiduara kikiwekwa mahali pa kutokea pa lango la "na", twapata maana ya pili. Viduara viwili vikiwekwa mahali pa kuingilia, kimoja kwa kila njia, twapata maana ya kwanza. Mwanafunzi aliyezoea kuchora hujifunza kuiuliza sentensi yake: ukanushi huu wakanusha nini hasa?

Sasa tufike kwenye neno "wala". Asili yake ni maneno mawili ya Kiarabu, "wa" yaani "na", na "la" yaani "si". Tusemapo "Hakuja Juma wala Asha", neno kwa neno twasema: Juma hakuja, na Asha hakuja. Lakini kila msemaji wa Kiswahili aijua maana yake kuwa ni ile ile ya kusema: si kweli kwamba amekuja Juma au Asha. Kauli ya kwanza ni lango la "na" lenye viduara viwili pa kuingilia. Kauli ya pili ni lango la "au" lenye kiduara kimoja pa kutokea. Kwamba kauli hizo mbili ni sawa, ndiyo kanuni ya De Morgan ambayo wanafunzi huikariri kwa jasho. Mtoto wetu huitumia kila siku asemapo, "Sikuona wala sikusikia."

Lango la "wala" lina sifa moja zaidi. Charles Peirce wa Marekani aligundua mwaka 1880, na Henry Sheffer akachapisha mwaka 1913, kwamba malango yote mengine yaweza kujengwa kwa kiunganishi kimoja tu cha namna hii. Ukiingiza A katika njia zote mbili za "wala", kinachotoka ni "si A". Ukiweka "si" mbele ya "wala", wapata "au". Ukikanusha A na B kwanza, kisha ukawapitisha katika "wala", wapata "na". Jambo hili si la vitabuni tu. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo waliotua mwezini Julai 1969 ilijengewa mantiki yake kwa lango la aina moja, nalo ni "wala" lenye njia tatu za kuingilia. Zilitumika saketi unganifu zipatazo 2,800, kila moja ikiwa na malango mawili. Hivyo mfano huo wa kusafiria mbali tunao, nao waeleweka kwa neno ambalo hatukuhitaji kulibuni.

5. Kuchora na kujaribu

Programu za kujaribia saketi zi za namna mbili kubwa. Za kwanza hukokotoa volti na mikondo. Mama wa hizo ni SPICE, iliyotoka chuo kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1973. Za pili hushughulika na 0 na 1 tu, nazo ndizo zimfaazo anayeanza. Katika hizo yajulikana sana Logisim, iliyoandikwa na Carl Burch wa Marekani kwa ajili ya kufundishia. Mwenyewe aliacha kuiendeleza, lakini wengine waliirithi kwa jina la Logisim-evolution. Na Helmut Neemann wa Ujerumani ameandika nyingine iitwayo Digital. Zote hutolewa bila malipo, na zikishawekwa katika kompyuta hazihitaji intaneti. Kwa shule isiyo na maabara jambo hili si dogo.

Matumizi yake ni mepesi. Malango huchukuliwa kwa kipanya kutoka orodha iliyo kando ya kioo na kuwekwa uwanjani, kisha nyaya huvutwa kutoka lango hata lango. Baadaye mtu huchukua alama ya mkono na kuigusa njia ya kuingilia ili iwe 1 au 0. Katika Logisim waya wenye 1 huwa kijani kilichokoza mwanga, wenye 0 huwa kijani cha giza. Rangi mbili nyingine zafaa kuangaliwa na wanalugha. Buluu ni waya ambao haujaambiwa neno lolote, si kweli wala si uongo, kama swali lisilojibiwa. Nyekundu ni kosa, mathalani pale malango mawili yanapousemesha waya mmoja, hili likisema 1 na lile likisema 0.

Zoezi la kwanza lenye faida ni kujumlisha tarakimu mbili. Katika hesabu ya 0 na 1, moja na moja huwa 10, yaani sifuri iandikwayo na moja ipelekwayo kushoto. Tukilitazama jedwali letu, twaona kwamba tarakimu iandikwayo ni "ama...ama", na ipelekwayo kushoto ni "na". Malango mawili yametosha. Ili kupokea pia tarakimu iliyotoka kulia, twaunganisha saketi mbili za namna hiyo, na zile tarakimu mbili za kupelekwa kushoto twazipitisha katika lango la "au".

Hapo nilikuta funzo. Mahali pale pa "au" nilijaribu kuweka "ama...ama", na saketi haikukosea hata mara moja. Sababu yake ni kwamba sehemu ya kwanza ikipeleka 1 kushoto, yenyewe huandika 0, na kwa hiyo sehemu ya pili haiwezi kupeleka 1. Mstari wa nne wa jedwali haufikiwi kabisa. Ndivyo makosa ya maneno yaishivyo miaka mingi katika lugha: mtu hutumia "ama" mahali pa "au" katika mazingira yasiyotofautisha, akadhani maneno hayo ni sawa, mpaka siku akutanapo na taa na swichi mbili.

6. Sentensi inayojirejea

Tuchukue lango la "wala" lenye njia mbili. Njia moja tuiguse kwa mkono; ya pili tuiunganishe na mahali pa kutokea pa lango lenyewe. Mkono ukiwa 1, kinachotoka ni 0, na hali imetulia. Mkono ukiwa 0, lango husema: kinachotoka ni kinyume cha kinachotoka. Kikiwa 0 sharti kiwe 1, kikiwa 1 sharti kiwe 0. Programu hukwama, ikamwonya mtumiaji kwamba saketi yayumba bila kutulia. Huyu ni yule mwongo wa kale asemaye, "Neno hili nisemalo ni uongo."

Lakini tukiwa na malango mawili, kila moja likimkanusha mwenziwe, mambo hubadilika. La kwanza lasema, "Mwenzangu asema uongo"; la pili lasema vivyo hivyo. Hapana tena mkanganyo. Ama la kwanza ni kweli na la pili ni uongo, ama kinyume chake, na hali yoyote ikishaingia hudumu mpaka mtu aibadili kwa njia ya pembeni. Saketi inayodumu katika hali iliyoachwa nayo imekumbuka. Asili ya wazo hili ni saketi ya valvu ya Waingereza Eccles na Jordan ya mwaka 1918, na kumbukumbu nyingi za ndani ya kompyuta zimesimama juu yake. Wanafunzi niliowaeleza kwa sentensi mbili zinazobishana waliichora wenyewe, bila kuonyeshwa mchoro.

7. Maneno ya kuangaliwa

Yako maneno ambayo mazoea yetu ya nyumbani hupingana na mazoea ya wahandisi. La hatari zaidi ni "fungua" na "funga". Mtu wa kwetu akiambiwa "fungua redio" huiwasha. Lakini mhandisi akisema saketi imefunguliwa, ana maana imekatika na umeme haupiti. Nayo ikifungwa, umeme hupita. Mwanafunzi akifuata Kiswahili cha nyumbani atapata kila jibu kinyume. Ushauri wangu ni kuyaacha maneno hayo mawili, tukatumia "washa" na "zima" kwa swichi, "unganisha" na "kata" kwa saketi.

La pili ni "saa", litumikalo kwa kifaa kinachozifanya sehemu zote za saketi zibadilike kwa pamoja. Kifaa hicho hakisemi ni saa ngapi. Hupiga tu, kama mpiga ngoma awapaye wachezaji mwendo. Neno "mapigo" laeleza kazi hiyo vizuri zaidi, tena wanafunzi hulishika mara moja.

8. Mipaka ya kujaribu

Yafaa kusema pia mambo ambayo kioo hakifundishi. Katika programu 0 ni 0 na 1 ni 1. Katika saketi halisi za aina ya zamani zitumiazo volti 5, chini ya volti 0.8 huhesabiwa 0 na zaidi ya volti 2 huhesabiwa 1. Katikati hapana ahadi. Kioo hakiungui, wala waya wake haulegei.

Mpaka mkubwa zaidi ni wa hesabu. Saketi yenye njia 2 ina mistari 4 ya kujaribu, yenye 8 ina mistari 256. Saketi ijumlishayo namba mbili zenye tarakimu 32 kila moja ina njia 64, na mistari yake ni zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000. Mtu akijaribu mistari bilioni moja kila sekunde, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba kompyuta zenye kitovu cha Pentium zilikosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa kuwa nafasi 5 katika jedwali la ndani ziliachwa tupu. Hasara ya kampuni ilikuwa dola milioni 475. Saketi hiyo ilikuwa imejaribiwa sana, lakini si katika hesabu zile.

Kwa hiyo anayebuni hana budi kueleza kwa hoja kwa nini saketi yake ni sahihi, na hoja hukaa katika lugha. Mwanafunzi wa Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, mara nyingi hujikuta ana michoro isiyo na maneno: aweza kuyagusa malango mpaka taa iwake, asiweze kusema kwa nini imewaka.

9. Hitimisho

Kutokana na hayo napendekeza utaratibu huu katika kufundisha. Kwanza sentensi ya Kiswahili isiyo na maana mbili, pili jedwali la ukweli, tatu mchoro, nne jaribio katika kioo, na mwisho mwanafunzi aufunike mchoro wa mwenzake, auseme tena kwa sentensi, na sentensi hiyo ilinganishwe na ile ya kwanza. Hatua hii ya mwisho huachwa mara nyingi, nayo ndiyo ionyeshayo kama mtu ameelewa.

Kwa wenzangu wa istilahi nina ombi moja. Kabla ya kupitisha neno la saketi, tulichore lango lake na kuligusa katika mistari yake yote minne. Mimi sikufanya hivyo, nikapamba sentensi, na mwanafunzi akanyimwa alama kwa sababu ya kujua Kiswahili vizuri. Alama zake alirudishiwa, na zoezi lile sasa lasomeka "au".